Kisa na Mhusika: Historia ya Usomaji wa Hadithi Fupi Ikitazamwa kutoka Mwanda

Utangulizi

Makala haya yananuia kuchunguza jinsi maswali mawili ambayo msomaji wa hadithi fupi ya Kiswahili hufundishwa kuyauliza, yaani limetokea jambo gani na limemhusu nani, yalivyotenganishwa katika historia ya ufundishaji wa fasihi nchini Kenya hata yakaonekana kuwa maswali yasiyokuwa na udugu. Dai letu ni kwamba utengano huo haukutokana na hadithi zenyewe. Wala haukutokana na lugha ya Kiswahili, ambayo istilahi zake, tukizitazama kwa makini, zinaupinga. Ulitokana na njia ambazo uhakiki na mtihani vilipitia hadi kufika darasani. Tutaifuata historia hiyo tukiwa tumesimama mahali pamoja, napo ni Mwanda, katika milima ya Taita, Kaunti ya Taita Taveta.

Kuchagua Mwanda kunahitaji maelezo. Historia ya hadithi fupi ya Kiswahili aghalabu huandikwa kutoka Unguja, Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, kwa sababu huko ndiko waliko waandishi na wachapishaji. Lakini fasihi ina pande mbili, na upande wa pili, ule wa msomaji, haupatikani sana katika miji hiyo. Wasomaji walio wengi wa hadithi fupi ya Kiswahili nchini Kenya leo ni wanafunzi wa shule za sekondari, na wengi wao wako mahali kama Mwanda, ambako Kiswahili si lugha ya mama wala si lugha ya kigeni, na ambako mtoto hukutana na simulizi kwa masikio miaka mingi kabla hajakutana nazo kwa macho. Mhakiki anayetaka kujua hadithi fupi inasomwaje hana budi kuupanda mlima huo.

Mwanda na lugha zake

Mwanda imo katika wadi ya Mwanda/Mgange, eneo bunge la Wundanyi. Barabara hupanda kutoka Voi kupitia Mwatate, ikiacha nyuma joto la tambarare na mashamba ya mkonge, hadi kwenye baridi na ukungu wa milima ambayo kilele chake kirefu kabisa, Vuria, kina mita 2,208. Lugha ya nyumbani ni Kidawida. Kiswahili kilitangulia kufika katika nchi ya Wataita kwa miguu ya wasafiri wa misafara iliyotoka pwani. Mwaka 1847 mmisionari Johannes Rebmann alifika Kasigau akiwa safarini kutoka Rabai. Mwaka 1883 Wamisionari wa CMS walianzisha kituo chao Sagalla, na mwaka 1892 Wakatoliki wakajenga misheni yao Bura. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipopita Voi, Kiswahili kikawa pia lugha ya kazi, ya duka na ya karani.

Mpangilio huu wa lugha una uzito katika suala letu. Mwanafunzi wa Mwanda husimuliwa kwa Kidawida, hununua na kuuza kwa Kiswahili, kisha huandikia mtihani wa masomo karibu yote kwa Kiingereza. Kiswahili cha kitabuni humjia kikiwa kati: anakielewa vya kutosha kuifurahia hadithi, lakini hakijui kwa undani wa kutosha kuitetea hadithi hiyo dhidi ya mwongozo wa mtihani unaomwambia hadithi inamaanisha nini. Jambo hili tutalirejea.

Tena, Mwanda ni mahali penye historia inayosimuliwa. Jina la Mwangeka bado linatajwa katika milima hiyo, shujaa aliyepambana na askari wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890. Hatukusudii kusimulia habari zake hapa; wenyewe wanaozijua wapo. Tunalotaka kuonyesha ni kwamba simulizi ya shujaa ina kanuni zake za kusikilizwa. Hadhira humjua shujaa kabla ya msimuliaji kufungua kinywa. Hujua alikufa. Kwa hiyo hamu ya msikilizaji haiko katika kujua nini kitatokea mwishoni. Iko katika kupima kila tukio kwa mtu ambaye tayari wanamjua, na kumpima mtu huyo kwa kila tukio. Mzee anaposimulia na kijana akauliza, 'Kwani hakuwa na habari kwamba wanakuja?', kijana huyo anauliza swali la ploti na la mhusika kwa wakati mmoja, wala hakuna mtu anayemwambia achague moja. Umahiri huo wa usikilizaji mtoto huja nao shuleni. La kusikitisha ni kwamba shule mara nyingi haina mahali pa kuuweka.

Maneno matatu

Kabla ya kuendelea na historia, yafaa tuyatazame maneno tunayoyatumia, maana maneno nayo yana historia. Neno 'ploti' ni la kukopa na halina matata. Neno 'msuko', ambalo wahakiki wengi wa Kenya wamelizoea, linatokana na kusuka, na kusuka katika Kiswahili ni kusuka ukili, kusuka mkeka, kusuka nywele. Yeyote aliyewahi kumtazama mwanamke wa Kitaita akisuka kiondo cha nyuzi za mkonge ataona kwamba istilahi hii ina maana zaidi ya mapambo. Uzi wa rangi haukatwi pale unapotoweka machoni. Umepita nyuma ya nyuzi nyingine, na utatokeza tena mbele, mahali ambapo msukaji alikwisha kupapima. Msomaji wa hadithi fupi ambaye hujiuliza tu 'kisha nini?' huhesabu nyuzi zinazoonekana. Yule anayejiuliza 'uzi ule umekwenda wapi?' ndiye anayesoma msuko.

Neno la pili ni 'mhusika'. Halina maana ya mtu, wala ya tabia, wala ya mchezaji. Maana yake ni yule ambaye jambo linamhusu. Sarufi yake yenyewe haimruhusu kusimama peke yake: hakuna mhusika wa hivi hivi tu, lazima awe mhusika wa jambo fulani. Hivyo mwanafunzi anayeambiwa 'mweleze mhusika huyu' bila kutaja jambo linalomhusu ameulizwa swali ambalo neno lenyewe halilikubali.

La tatu, na kwa maoni yetu lililo muhimu kuliko yote, ni 'kisa'. Katika matumizi ya kila siku neno hili lina maana mbili. Kisa ni tukio linalosimulika, kama tunaposema mtu ametusimulia kisa cha ajabu. Lakini kisa pia ni sababu, kama tunaposema, 'Wamegombana, na kisa ni shamba.' Mwaka 1927, katika mihadhara yake juu ya riwaya iliyochapishwa kwa jina Aspects of the Novel, E. M. Forster alitenganisha hadithi, ambayo ni matukio kwa kufuata wakati, na ploti, ambayo ni matukio yakiwa yamefungwa kwa sababu. Utengano huo umenukuliwa katika madarasa ya Afrika Mashariki kwa miongo mingi kana kwamba ni ugunduzi tuliopaswa kuletewa. Msemaji wa Kiswahili anaouliza 'kisa nini?' amekwisha kuyashika yote mawili kwa neno moja. Na kwa kuwa sababu ya matendo ya watu haipatikani ila ndani ya watu wenyewe, katika wanayoyataka, wanayoyaogopa na wasiyoyajua, basi kuuliza kisa ni kumwuliza mhusika.

Kutoka jaa la Sultani Darai hadi safu ya gazeti

Hadithi fupi ya Kiswahili iliyoandikwa haikuanzia kwenye kitabu cha shule. Askofu Edward Steere alichapisha mkusanyiko wake wa ngano za Unguja mwaka 1870, na ndani yake mna ngano ya Sultani Darai ambayo bado inafaa kusomwa na kila anayetaka kujua jinsi mhusika anavyojengwa bila kuelezwa. Maskini anayepekua jaa ananunua paa kwa kijisarafu alichokiokota. Paa yule, kwa ujanja na utiifu, anampatia utajiri, mke na enzi. Paa anapougua, bwana wake hamjali. Mwishoni bwana anajikuta tena juu ya jaa lile lile. Msimuliaji hana haja ya kutuambia kwamba mtu huyu hana fadhila. Mzunguko wa ploti, unaomrudisha alipoanzia, ndio unaotamka tabia yake. Ukiiondoa sifa ya mtu huyu hadithi haigeuki, na ukiigeuza hadithi mtu huyu hayupo tena.

Katika kipindi cha ukoloni wa Kiingereza uwanja wa masimulizi mafupi ulihamia magazetini. Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, lilisomwa mbali nje ya Tanganyika, na huko Nairobi Baraza lilianzishwa mwaka 1939. Gazeti lina sheria yake, nayo ni nafasi. Masimulizi yaliyozoea usiku mzima yalilazimika kuingia katika safu moja au mbili. Hapa ndipo, kwa maoni yetu, umbo tunaloliita hadithi fupi lilipoanza kujitenga na ngano: mwandishi hakuwa tena na muda wa kumtambulisha mtu na ukoo wake, alibidi kumshika katika tukio moja. Edgar Allan Poe alikuwa ameshayasema mambo yanayokaribia hayo huko Marekani mwaka 1842, alipodai kwamba masimulizi mafupi yajengwe kwa ajili ya athari moja tu. Lakini hapa kwetu mabadiliko hayo yaliletwa na mhariri mwenye rula kuliko na nadharia.

Mikusanyiko ya waandishi mmoja mmoja ilifuata baada ya uhuru. Si Shetani si Wazimu ya Said Ahmed Mohamed, iliyotolewa mwaka 1985, ilionyesha kwamba hadithi fupi ya Kiswahili ingeweza kuingia ndani ya akili ya mtu na kukaa humo. Kufikia hapo msomaji aliyefunzwa na ngano peke yake, anayemtafuta mwema na mwovu, alihitaji kujifunza namna nyingine ya kusoma. Swali ni nani angemfunza.

Uhakiki na mtihani

Aliyejitokeza kumfunza alikuwa mhakiki wa chuo kikuu, kisha mtahini. Kuanzia Uchambuzi wa Maandishi ya Kiswahili, kitabu kilichohaririwa na Farouk Topan na kutolewa mwaka 1971, hadi vitabu vya F. E. M. K. Senkoro vya miaka ya 1980, uhakiki wa Kiswahili ulijijengea mgawanyo wa fani na maudhui. Mjadala wa kama fani na maudhui ni kikombe na chai, au ni kitu kimoja kisichotenganishika, uliwachukua walimu wengi muda mwingi, na si haba walioushiriki kwa dhati. Darasani, hata hivyo, mjadala ulifika umekwisha kukaushwa. Fani ikawa orodha: muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Katika orodha hiyo muundo na wahusika vilipewa mistari tofauti, na kila kimoja kikatafutiwa majibu yake.

Nadharia zilizotoka nje hazikusaidia sana kuviunganisha. Aristotle aliiweka ploti mbele na tabia nyuma yake. Vladimir Propp, katika utafiti wake wa ngano za Kirusi wa mwaka 1928, alipata majukumu 31 ambayo wahusika huyatimiza, na jukumu likawa na uzito kuliko mtu. Forster naye alitupa wahusika bapa na wahusika duara, mgawanyo ambao huku kwetu umegeuka kuwa mihuri miwili ya posta. Tumesoma insha nyingi za wanafunzi wa mwaka wa kwanza ambamo mhusika amepigwa muhuri wa 'bapa' katika sentensi ya kwanza, na baada ya hapo mwandishi wa insha hana tena la kufanya naye. Wapo waliojaribu kurekebisha. Said Ahmed Mohamed katika Kunga za Nathari ya Kiswahili (1995), Kimani Njogu na Rocha Chimerah katika Ufundishaji wa Fasihi: Nadharia na Mbinu (1999), na K. W. Wamitila katika Uhakiki wa Fasihi (2002), waliwapa walimu zana pana zaidi. Lakini mwalimu aliye peke yake shuleni milimani, mwenye mikondo mitatu ya kusahihishia, husoma kwanza kile mtihani unachodai.

Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985, na mtihani wa kwanza wa KCSE ukafanywa mwaka 1989. Kiswahili kikawa somo la lazima, na kwa hiyo fasihi yake ikawa ya lazima kwa kila mtoto wa sekondari, awe Lamu au Lodwar. Hili lilikuwa tendo kubwa kwa fasihi ya Kiswahili, na wanaolilaumia 8-4-4 kila kitu husahau kwamba bila lo diwani nyingi za hadithi fupi zisingechapishwa. Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine, iliyohaririwa na Ken Walibora na Said Ahmed Mohamed, na baadaye Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, ya wahariri Alifa Chokocho na Dumu Kayanda, zilisomwa na kizazi kizima kwa sababu zilitahiniwa. Hakuna mwandishi wa hadithi fupi wa Kiswahili katika miaka ya Mambo Leo aliyeota kupata hadhira ya namna hiyo.

Gharama yake ilikuwa swali la 'taja na ueleze sifa sita za mhusika fulani'. Swali hili lina faida moja, kwamba linasahihishika kwa haraka. Lakini limezaa miongozo, na miongozo imezaa wasomaji wasiosoma. Mwongozo humpa mwanafunzi orodha ya sifa (mkarimu, mwenye bidii, msaliti, mwenye tamaa) na baada ya kila sifa mfano mmoja. Ploti nayo hupewa ukurasa wake: muhtasari. Mwanafunzi wa Mwanda aliye na nakala moja ya diwani kwa wanafunzi watatu, au asiye nayo kabisa, anaweza kupata alama nzuri akiwa na mwongozo peke yake, wala hatukusudii kumlaumu. Amefanya hesabu sahihi. Walakini kitu alichokuja nacho kutoka jikoni kwa bibi yake, ule uwezo wa kumkatiza msimuliaji na kumwuliza kisa, kimelala miaka minne bila kutumiwa, na siku atakapoumaliza mtihani atakuwa na sababu nzuri ya kuamini kwamba fasihi ni orodha.

Lakini katika karatasi hiyo hiyo mna swali moja ambalo tungependa kulitetea, nalo ni la dondoo. 'Eleza muktadha wa dondoo hili.' Kwa desturi lina alama nne: nani anasema, anamwambia nani, wapi, na kwa nini. Walimu wengi huliona kuwa swali la kukariri, na kweli huweza kukaririwa. Hata hivyo, ukilitazama vizuri, ni swali pekee ambalo haliruhusu ploti na mhusika kutengana. Mtu anatamka maneno mahali fulani kwa mtu fulani kwa sababu fulani: hiyo ni ploti iliyokazwa ikawa sentensi moja, na ni mhusika aliyekamatwa akiwa katika kuhusika kwake. Neno la nne, 'kwa nini', ndilo kisa. Kama tungetakiwa kuhifadhi swali moja tu wakati mfumo wa 8-4-4 unapoondolewa, baada ya KCPE kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, tungelihifadhi hilo, na kuziacha sifa sita ziende zake.

Kusoma hadithi mbili

Tutoe mifano. Hadithi ya 'Tumbo Lisiloshiba', iliyoipa diwani jina lake na iliyoandikwa na Said Ahmed Mohamed, inawahusu wakazi wa mtaa duni wa Madongoporomoka wanaotishiwa kuondolewa kwenye ardhi yao. Jitu lisilo na jina linaingia katika mkahawa wa Mzee Mago na kula chakula chote kilichokuwapo. Kisha linaahidi kurudi.

Mwanafunzi aliyefunzwa mihuri atasema Jitu ni mhusika bapa, na hatakuwa amekosea. Lakini bapa kwa kisa gani? Jitu halina jina, halina nyumbani, halina mawazo yanayosimuliwa, lina tumbo. Mtoto aliyekua akisikia ngano za mazimwi hulitambua mara moja, na utambuzi wake ni wa kihakiki kamili: huyu si mtu anayeelezwa visivyo vya kutosha, huyu ni nguvu iliyovalishwa umbo la mtu. Mwandishi amelileta zimwi la ngano katika mkahawa wa mjini penye hesabu ya sahani, na ubapa wa Jitu ndio unaoiendesha ploti, kwa sababu na kitu kisicho na ndani huwezi kujadiliana. Mzee Mago anaweza kuwashawishi majirani zake, anaweza kuzungumza juu ya sheria na haki. Hawezi kulishawishi tumbo. Hapo msuko na wahusika ni jambo moja: hadithi inasonga kama inavyosonga kwa kuwa upande mmoja una watu na upande wa pili hauna. Katika kaunti ambayo migogoro ya ardhi, ya watu na ya hifadhi ya wanyama, imekuwa sehemu ya mazungumzo ya kila siku kwa miongo mingi, hatudhani mwanafunzi wa Taita anahitaji mwongozo kuliona hilo. Anahitaji kuulizwa.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, na tutakaa nao kidogo. 'Shogake Dada Ana Ndevu' ya Alifa Chokocho imo katika diwani hiyo hiyo. Safia ni binti ambaye wazazi wake wanamwona kuwa hana mfano: mtiifu, mwenye heshima, mwenye bidii ya masomo. Ana rafiki, Kimwana, anayekuja nyumbani amejifunika buibui ili wasome pamoja chumbani. Kimwana ni mwanamume. Safia anapata mimba, na anafariki katika jaribio la kuitoa.

Ukiisimulia hivyo, kama tulivyofanya sasa hivi, umeiua, kwani umeiweka siri mahali pasipokuwa pake. Katika hadithi yenyewe wazazi hawana habari, Safia na Kimwana wanajua, na mdogo wake Safia anajua nusu: ameona ndevu. Msomaji naye yuko wapi? Jina la hadithi limekwisha kumwambia kabla hajasoma sentensi ya kwanza. Anaingia nyumbani humo akiwa anajua zaidi ya baba na mama, na kila sifa wanayompa binti yao anaisikia kwa masikio mawili. Huu ndio msuko wa hadithi hii. Hauko katika mfululizo wa matukio, ambayo ni machache na ya kawaida kwa masikitiko. Uko katika mgawanyo wa ujuzi, nani anajua nini na tangu lini. Na mgawanyo wa ujuzi ni jambo la wahusika.

Sasa tumpe mwanafunzi swali la sifa. Sifa za Safia ni zipi? Mwongozo utajibu: mnafiki, mwongo, mwenye kujificha. Majibu hayo yana ushahidi. Lakini yamempokea Safia kutoka mikononi mwa msiba wake, kama jirani anayefika matangani na kuanza kutoa hukumu. Hayaulizi kwa nini binti aliyesifiwa hivyo hakuwa na mahali popote pa kusema kweli, wala hayaoni kwamba sifa za wazazi ndizo zilizomjengea ukuta. Ukiuliza kisa, unarudi kwa wazazi. Walimpenda, hilo hadithi haiachi shaka. Walikuwa wameumaliza msuko wa maisha ya mtoto wao vichwani mwao, binti mwema atakayekuwa mwanamke mwema, na uzi wowote usioingia katika msuko huo hawakuuona. Tabia yao ndiyo ploti. Kama wangekuwa watu wenye kushuku, au wenye kusikiliza, hadithi ingekwisha katika ukurasa wa pili.

Hapa inatupasa kusema neno juu ya maadili, kwani hadithi hii imefundishwa mara nyingi kama onyo kwa wasichana. Hatupingi kwamba msichana wa kidato cha tatu anaweza kupata onyo ndani yake. Tunalopinga ni onyo kutangulia usomaji. Onyo linamtaka Safia awe mfano. Hadithi inamtaka awe mtu anayependwa na watu wasiomjua. Mwanafunzi akiruhusiwa kukaa na hilo la pili, la kwanza atalifikia mwenyewe, na pengine litakuwa na sura nyingine. Huenda likawa onyo kwa wazazi.

Na tuchukue, kwa kumalizia uchambuzi huu, maneno yaliyoipa hadithi jina, tukiyafanyia swali lile la dondoo. Nani anasema? Mtoto mdogo, ambaye katika nyumba hiyo hana daraja la kusadikiwa. Anamwambia nani? Mzazi, mwenye uwezo wa kuufungua mlango wa chumba wakati wowote. Wapi? Nyumbani, hatua chache kutoka mlango huo. Kwa nini? Mtoto hasaliti, hashtaki, wala hana nia ya kumharibia dada yake. Ameona kitu ambacho hakikubaliani na alivyoambiwa kuhusu mashoga wa kike, naye anauliza kama watoto wanavyouliza. Mkubwa anamsikia, anayaelewa maneno yote matatu, shoga, dada na ndevu, na hayaunganishi.